Mpango B wa Dokta

Uingereza humwita kijana kwenye usaili kabla ya kumpa nafasi ya kusomea udaktari, na humo anaweza kuulizwa: tukikukataa, utafanya nini? Sisi tuna huruma zaidi. Kwetu Tanzania zinatazamwa alama za PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) za kidato cha sita. Zikitosha, unachaguliwa Chuo Kikuu cha Dodoma au kwingineko, na hakuna wa kukuudhi kwa habari za mpango B.

Swali tumeliweka akiba. Unasoma miaka mitano, unafanya utarajali mwaka mmoja, unapata leseni ya Baraza la Madaktari Tanganyika, kisha unatuma maombi Sekretarieti ya Ajira, hapa hapa Dodoma. Usaili unakuja sasa, ukiwa na ndevu na deni la Bodi ya Mikopo.

Ukikosa ajira, hapo ndipo mpango B unapotafutwa kwa tochi. Mmoja anauza dawa kwenye famasi ya mtu. Mwingine anafundisha tuisheni ya Baiolojia, yaani anajizalishia washindani. Wa tatu mjomba kamshauri alime zabibu, kwa kuwa Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na ajira hazijafikia kasi hiyo. Wote nyumbani ni "Dokta", hasa michango ya harusi inapopitishwa.

Wewe uliye kidato cha tano, soma kwa bidii. Ila kama baba ana ekari zake Hombolo, hapa Dodoma, mwambie asiuze kwanza.