Sifa za Peja

Mukeke wa Rumonge keshasifiwa, na mawese ya huko yana wapambe wengi. Zamu hii niacheni nimsifu peja, ambaye hana mtetezi hata mmoja katika mwambao wote huu wa Tanganyika.

Peja ni programu ya kompyuta; ndiye anayejipenyeza kati yako na amri uliyoandika, akakupa skrini moja ya maandishi, kisha akaganda na nukta pacha chini kushoto. Kijana wa Rumonge kawasha kompyuta, kaunganisha intaneti ya simu, kaandika git log, amri ya git, programu inayotunza historia ya kazi, aone kazi ya jana. Akibonyeza Enter, anapewa mstari mmoja. Esc, kimya. Ctrl na C, mzee hatikisiki. Mwishowe anafunga dirisha zima, kumbe herufi q tu ingemfungua. Unyenyekevu wa namna hii hakuna shule inayoufundisha.

Na ana nasaba! Babu yake, more, aliandikwa na Daniel Halbert huko Berkeley mwaka 1978, naye alijua kwenda mbele tu. Mrithi wake, less, kazi ya Mark Nudelman ya kati ya 1983 na 1985, akajaliwa pia kurudi nyuma.

Lakini utukufu wake hasa ni kujua nani yupo. Kabla ya kumwita, git huuliza mfumo swali moja, isatty: haya maandishi yanakwenda kwenye terminali? Muuza ndagala hanadi mali yake ufukwe ukiwa mtupu. Git naye, maandishi yakielekea kwenye faili au programu nyingine, hamsumbui peja, huyaacha yapite. Ndiyo sababu kazi za usiku zinazojiendesha zenyewe hazikwami. Ila ukimdanganya git kwa terminali bandia, peja atamngoja kwa uaminifu msomaji asiyekuwepo, mpaka atokee wa kumuua. Walinzi wangapi wa zamu wana subira hiyo?

Itifaki nayo anaijua. Katika kuchagua peja yupi aitwe, husikilizwa kwanza mpangilio wa GIT_PAGER, kisha core.pager, kisha PAGER. Wote wakinyamaza, less hushika kiti. Kama hukuweka mpangilio wako wa LESS, git humkabidhi maagizo ya FRX: F aondoke maandishi yakienea skrini moja, R aziache rangi, X asiifute skrini. Kwa hiyo kumbukumbu zikiwa tatu humwoni kabisa. Zikifika thelathini, huyo hapo. Wasiomjua humwita kigeugeu. Mwaka 2018 toleo la 2.16 la git likamkabidhi hata git branch, amri iliyozoeleka kujibu na kwenda zake. Walionung'unika, mimi nawahesabu wenye wivu.

Mkaidi ataandika git --no-pager log akajiona kakombolewa. Mistari yote itateremka kwa mkupuo; na kwa kuwa git huanza na kazi mpya kabisa, ile ya jana aliyoitaka itakuwa imepita mwanzo kabisa, iko juu huko nje ya skrini, naye anaisaka kwa gurudumu la kipanya.