Hongereni kwa Kutuficha

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Utalii,
Popote zilipo ofisi zenu zenye viyoyozi.

YAH: PONGEZI KWA KUUFICHA MJI WA MOMBASA

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka kisiwani kuwapa pongezi ambazo zimechelewa mno. Mmefanikiwa katika jambo ambalo hata Wareno na mizinga yao hawakuliweza: mgeni anakuja Mombasa, anakaa wiki nzima, anarudi kwao na picha elfu moja, na Mombasa hajaikanyaga.

Najua reli na barabara ni za wakubwa wengine, lakini mmezitumia kwa ustadi. Reli ya zamani, ile ambayo Waingereza walianza kuitandika mwaka 1896, ilikuwa na kasoro kubwa, nayo ni kuanzia kisiwani penyewe. Abiria alishuka na mzigo wake, akatoka nje ya stesheni, na papo hapo akakumbana na watu. Reli mpya ya mwaka 2017 imeiponya kasoro hiyo. Stesheni iko Miritini, bara, ng'ambo ya Makupa, na treni ya usiku huingia kabla ya adhana ya alfajiri, wakati hata muuza kahawa hajawasha mkaa. Uwanja wa ndege nao uko huko huko bara. Kisha ikaja barabara ya Dongo Kundu na madaraja yake ya Mwache na Mteza, mambo yakatimia. Mgeni anakipa kisiwa mgongo, anatokea Kibundani, na muda si muda yuko Diani ametia miguu majini, anawaandikia jamaa zake kwamba anawasalimu kutoka Mombasa. Diani iko Kaunti ya Kwale. Lakini mtu aliye likizoni hasumbuliwi kwa ramani.

Nisieleweke vibaya: sina ugomvi na barabara. Mgonjwa wa Msambweni anayekimbizwa hospitali kubwa ana haki ya kutokwama kwenye feri ya Likoni, na aliyeijenga njia hiyo apate thawabu zake. Ninachosifu ni jinsi nyinyi mlivyoigeuza kuwa pazia.

Nimeyatazama matangazo yenu pia. Simba, ndovu, mnazi ulioinama, na Mmasai anayeruka juu ya mchanga mweupe, mamia ya kilomita kutoka kwao. Usiku wa utamaduni hotelini ni huyo huyo tena, anaruka karibu na bwawa la kuogelea, ilhali Mdigo na Mgiriama, wenye mwambao, wako jikoni wanasuuza sahani. Kaya za Wamijikenda hao, misitu yao mitakatifu, ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mojawapo, Kaya Kinondo, iko papo hapo Diani, jirani na hoteli zenu. Ukienda unafungwa kaniki kiunoni, unamfuata mwenyeji anayeijua miti na miiko, na unachunga mdomo wako. Nadhani ndipo penye shida: mgeni angelazimika kuvaa nguo.

Fort Jesus mmeshindwa kuificha, nakubali. Ni kubwa mno. Wareno waliianza mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, Waomani wakaizingira kuanzia 1696 wakaitwaa 1698, Waingereza wakaigeuza jela, na UNESCO ikaitia katika orodha yake mwaka 2011. Mlichoweza kufanya ni kuifupisha. Basi linaegeshwa mlangoni, mgeni anaoneshwa mizinga, anaoneshwa vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama chini ya ngome hiyo mwaka 1697, anapigwa picha, basi linageuza. Kutoka hapo hadi Ndia Kuu, Mji wa Kale, ni hatua chache tu kwa miguu. Huko kuna Msikiti wa Mandhry wa karne ya 16, milango ya nakshi, roshani za mbao zinazokaribia kugusana, na wazee barazani wanaobishana juu ya siasa za nchi ambazo hawajawahi kuzifikia na wana uhakika nazo. Mgeni angeingia huko angepotea. Angepotea angeuliza njia. Angeuliza njia angejibiwa kwa salamu tano kwanza, kisha angeletewa kikombe cha kahawa chungu na kipande cha halwa, na ratiba yenu ingeharibika. Hatari tupu.

Badala ya hayo mmempa Pembe za Moi Avenue. Zilisimamishwa miaka ya 1950 kuwapokea watu wa ufalme wa Uingereza, na wala si pembe za ndovu, ni za alumini. Mji uliomzaa mshairi Muyaka bin Haji unatambulishwa duniani kwa mapambo ya kupokelea mgeni aliyekuja akaondoka! Haki yake, zinapigika picha bila kushuka garini.

Hata Kengeleni mmeimudu. Makanga wa matatu hulipaza jina hilo kutwa, na magari mengi ya hoteli za kaskazini hupita pale. Kengele yenyewe ipo. Ni ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Mgeni huiona kupitia kioo cheusi, endapo gari limekwama kwenye foleni. Siku barabara ikiwa nyeupe, haioni.

Na bangili ile ya plastiki! Mgeni amelipia kila kitu akiwa bado kwao, chakula, kinywaji na kitanda, kisha akifika anavishwa bangili mkononi na kuonywa asitoke nje ya geti. Nje ya geti kuna mama wa mahamri na mbaazi za nazi. Kuna kijana wa madafu. Kuna viazi karai na muhogo wa kuchoma uliopakwa pilipili na ndimu, chakula ambacho mpishi wa hoteli hukitafuta mwenyewe akimaliza zamu. Vichochoro vya kwenda ufuoni, ambavyo wavuvi walivipita tangu enzi za babu zao, vingine vimezibwa kwa kuta, na anayedai njia yake ya zamani anaambiwa anasumbua wageni. Bahari imebaki ya umma, ila kuifikia ndiko kuna mwenyewe.

Lakini penye ushindi wenu mkubwa ni Likoni. Zaidi ya watu 300,000 huvuka pale kwa siku, kwa hesabu iliyozoeleka, na hamna bango hata moja linalomwambia mgeni avuke nao. Nendeni saa kumi na moja jioni. Geti likifunguliwa watu huteremka kwa pamoja: mafundi na ndoo za vifaa, wanafunzi, mama wa maembe aliyekwisha kuuza yote akabaki na kapu, mikokoteni inayoshikiliwa na wanaume wanne ili isitoroke kwenye mteremko, mhubiri, muuza njugu, bibi harusi mtarajiwa aliyetoka kupakwa hina. Meli ya makontena ikiingia bandari ya Kilindini feri husubiri, na kile chuma kirefu kama mtaa hupita mbele yenu karibu kiasi cha kusoma herufi zake. Watu hawanyanyui hata macho.

Hapo jirani, Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994, feri ilizama na watu 272 wakafa. Hilo siliandiki kwa kejeli, wala siwaombi mlitangaze. Nasema tu kwamba watu wa kusini bado wanavuka, kila siku, kwa sababu kazi iko kisiwani na nyumba iko ng'ambo. Mgeni aliyesimama nao kwenye feri kwa dakika chache atakuwa ameiona Mombasa kuliko aliyelala wiki nzima chini ya mwavuli wa makuti.

Sasa basi, Waheshimiwa, kabla hamjalipia matangazo ya msimu ujao, naomba mje wenyewe. Msije na msafara, na mpiga picha mwacheni ofisini. Anzeni Ndia Kuu asubuhi, mle mchana mahali pasipo na menyu, na jioni mteremke Likoni pamoja na wengine. Kama hoja ni bajeti, msiwe na wasiwasi: anayevuka kwa miguu halipi chochote.

Wenu mtiifu, kwa kiasi,
Mkazi wa Kibokoni,
Mji wa Kale, Mombasa