Shajara ya Raigrasi, Kinangop

Jumatatu. Mfuko wa mbegu umepasukia kwenye bodaboda, karibu na lango. Tumezizoa mbegu pamoja na changarawe, tukazichekecha jikoni hadi usiku. Kilo 5 za nusu eka si za kuachia barabara: kila kilo ina mbegu zinazokaribia laki tano.

Jumanne. Kibarua amekuja na jembe, tayari kufukia. Nimemwomba aliweke kando. Mbegu hii ikizama zaidi ya sentimita moja au mbili huishiwa nguvu kabla ya kuona jua. Tumekokota tawi la mkaratusi juu ya udongo, kisha tukaushindilia kwa kuviringisha pipa lenye maji, maana mbegu isiyoshikana na udongo hukosa unyevu. Pipa limetuponyoka likavunja fito mbili za ua wa jirani. Nimezilipa.

Jumatano. Kuku wa jirani wameingia shambani.

"Shosho, naomba uwafungie mpaka zimee."

"Sawa, mwanangu. Lakini yule jogoo huruka."

Jogoo ameruka.

Ijumaa. Mvua imepiga mchana kutwa. Udongo wa huku hukawia kunywa maji. Yamekwenda kutuama pembe ya chini, na mbegu nyingi nazo. Nimechimba mtaro huku bado kunanyesha.

Alhamisi. Shamba ni kijani na majirani wananipongeza. Mengi ni magugu ya majani mapana. Nimepiga magoti nikageuza kijani kimoja chembamba: upande wa chini unang'aa, na shina linapotoka udongoni lina wekundu wa zambarau. Ndiyo yenyewe! Nimekaa pale mpaka nguo zikalowa. Nyasi hii hupenda baridi, nyuzi 15 hadi 20 hivi, na sisi tuko zaidi ya mita 2,400. Inaniuma kuona malori ya nyasi kavu yakipanda huku kutuuzia.

Jumapili, mahindi yakiwa magotini. Mtamba amekata kamba akaingia. Alipokula pembe ya chini, nyasi zimeng'oka na mizizi. Nimejaribu sehemu ya juu kwa mkono: jani linakatika, mzizi haubanduki. Basi huko juu tutakata kwa mundu na kumpelekea zizini. Kule chini tutasia upya, mtaro ukishapanuliwa.