Mende wa Speke na Babu Asiye na Ukurasa

Kumtafuta babu wa karne ya 19 katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika ni kazi yenye utaratibu wake, na utaratibu huo huanza kuharibika siku ya kwanza. Uingereza, mjukuu wa mchimba makaa au wa kijakazi wa enzi za Malkia Victoria (1837–1901) alibahatika kuwa na serikali iliyopenda kuhesabu watu. Vizazi, ndoa na vifo vilianza kuandikishwa Julai 1837, na kuanzia sensa ya 1841 karani alipita nyumba kwa nyumba akiandika jina la kila aliyelala humo. Mjukuu wa Uvira, mji wa Kongo ulio kwenye mwambao huo, ambaye babu yake aliishi miaka ileile akipiga kasia, akivua ndagala au akibeba pembe za ndovu begani, hana daftari hata moja la namna hiyo. Hata sensa ya mwisho ya watu wote wa Kongo ni ya mwaka 1984. Kwa hiyo mtafutaji hulazimika kupita njia ya panya, tena kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni wazee. Mtafutaji hufika Kalundu au Mulongwe na daftari jipya, kalamu mbili na simu ya kurekodi. Haulizi kitu kabla hajaulizwa yeye: “Weye ni mutoto wa nani?” Kujibu swali hilo huchukua asubuhi nzima, maana kila jina linalotajwa linazaa shangazi, na kila shangazi ana kesi ya shamba ambayo haijaisha. Mambo yakitulia, mzee huomba simu izimwe kwanza. Ikizimwa ndipo maneno ya maana yanapotoka: nani aliletwa akiwa mtumwa, nani alikimbia deni, nani alivuka mto Rusizi usiku kwa sababu ya mke wa mtu. Ikiwashwa tena, kinachobaki ndani ya simu ni jogoo, pikipiki mbili, na sauti ya mzee ikithibitisha kwamba babu alikuwa mtu mwema sana.

Simulizi hizi ni hazina, ila zina kasoro moja: cheo cha marehemu hupanda kila kizazi. Aliyekuwa mpagazi, kwa mwanawe huwa mnyapara. Kwa mjukuu huwa mkuu wa msafara. Kwa kitukuu aliyesoma Bukavu huwa rafiki wa Tippu Tip, yule mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa. Ukijumlisha yanayosimuliwa kuanzia Baraka hadi Kiliba, misafara ya zama zile ilikuwa na wakubwa watupu, na pembe za ndovu zilijipeleka zenyewe Ujiji, ng'ambo ya ziwa. Mtafutaji makini huteremsha cheo ngazi mbili kila anaposikia sifa, na asimwambie mtu.

Hatua ya pili ni kasha la bati. Kila ukoo una kasha la bati chini ya kitanda cha bibi, na kila kasha lina kufuli ambayo ufunguo wake ulipotea wakati wa vita, ingawa hakuna anayekumbuka ni vita vipi. Kufuli huvunjwa kwa nyundo mbele ya ukoo mzima, baada ya kikao. Ndani hutoka kadi ya chama cha MPR, risiti ya baiskeli, kanga iliyoliwa na mchwa na picha ya mtu aliyevaa suti ambaye hajulikani na yeyote. Kadi haisaidii, kwa sababu zamani za Rais Mobutu, Kongo ilipoitwa Zaire, kila Mzaire alihesabiwa mwanachama tangu kuzaliwa. Picha ndiyo huleta ugomvi: matawi matatu ya ukoo humtambua kuwa babu yao, na kila tawi lina babu tofauti. Mtafutaji afanye jambo moja tu la busara hapo, yaani kugeuza picha na kusoma nyuma. Mara nyingi mpiga picha aliandika mahali, na pengine mwaka, na mwaka humwonyesha marehemu kuwa mtoto wa babu anayetafutwa.

Hatua ya tatu ni majina. Programu za simu za kuchora mti wa ukoo zilitengenezwa na watu ambao baba, mwana na mjukuu hubeba jina moja. Huuliza jina la ukoo kabla ya kufungua ukurasa wa pili. Uvira, ndugu watano wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matano yasiyofanana: mmoja kapewa la babu, mwingine la jirani aliyemlipia mama yake dawa, mwingine la msiba uliotokea wiki ile. Kisha ukaja mwaka 1972. Kwa siasa ya kurudi kwenye uhalisia, serikali ya Zaire ilipiga marufuku majina ya Kikristo ya kigeni. Yohana na Petro wakalala Wakristo wakaamka na majina ya mababu, mengine ya mababu wa kweli na mengine yaliyotungwa haraka dirishani kwa karani huku foleni ikilalamika. Siasa ilipolegezwa mwaka 1990, baadhi walirudia majina ya awali na baadhi wakabaki na yote mawili. Matokeo yake, mtu mmoja anaweza kuonekana kwenye karatasi kama watu watatu, na programu ikamwozesha mmoja wao kwa dada yake.

Hatua ya nne ni tarehe. Wazee hawasemi 1891; husema mwaka wa sotoka, mwaka wa ndui, mwaka funza walipoingia. Hizi si porojo. Sotoka iliteketeza ng'ombe wa Afrika Mashariki na ya Kati mwanzoni mwa miaka ya 1890, na funza, ambaye alishukia pwani ya Angola mwaka 1872, alifika maziwa makuu miaka hiyohiyo ya 1890, akisafiri kwa miguu ya watu. Ugonjwa wa malale ulishika mwambao huu mwanzoni mwa karne ya 20, na nyota yenye mkia ilionekana 1910. Mtafutaji akipata matukio mawili, la kabla na la baada, keshapata umri wa babu kwa kukisia, jambo ambalo ni bora kuliko cheti chenye tarehe 1 Januari, siku ambayo kwa mujibu wa makaratasi ndiyo nusu ya wazee wa mwambao walizaliwa.

Hatua ya tano ni vitabu vya wasafiri wa Kizungu. Richard Burton na John Speke walifika Uvira kwa mitumbwi Aprili 1858, wakitafuta kujua kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Wenyeji waliwaambia kwamba unaingia. Jibu hilo halikutosheleza London, na Novemba 1871 Livingstone na Stanley walisafiri kutoka Ujiji kwa mtumbwi kuja kuangalia wenyewe. Mto ulikuwa ungali unaingia.

Watu waliopiga kasia katika safari hizo ndio hasa wanaotafutwa na wajukuu wa leo, na ndio hasa wanaokosekana. Burton aliwaandika wapiga kasia wake kwa wingi na kwa hasira, kama kundi linalorusha maji na kupiga kelele, bila kumtofautisha huyu na yule. Ila mwezi Machi 1858 mende mdogo alimwingia Speke sikioni akiwa safarini ziwani. Speke alimmiminia siagi iliyoyeyushwa, akamchokoa kwa ncha ya kisu, akapata jipu na uziwi wa muda, na akasimulia yote kwa kirefu. Mende huyo ana maelezo kamili: alikoingia, alichofanya, lini vipande vyake vilitoka. Mpiga kasia aliyekuwa amekaa mkono mmoja nyuma yake hana hata herufi ya kwanza ya jina.

Walioandikwa walikuwa na sababu. Stanley alipopanga msafara wake Zanzibar mwaka 1871, askari waliowahi kusafiri na Speke aliwataja kwa majina, Uledi, Ulimengo, Baruti, Ambari, Mabruki, kwa sababu aliwalipa: dola 40 kwa mwaka kwa kila mmoja, na dola 80 kwa mkuu wao, Sidi Mubarak Bombay. Mpishi Ferajji naye katajwa, maana msafiri husahau aliyembebea sanduku lakini hamsahau anayemchelewesha chakula. Watoro wametajwa kwa ukarimu kuliko watiifu. Anayetoroka na mzigo wa nguo huandikwa jina, mwendo na tabia. Ukoo unaosisitiza kwamba babu alikuwa mwaminifu siku zote unajifungia mlango mwenyewe. Hata hivyo, waaminifu nao walipata fungu lao mara moja: kwa waliobeba maiti ya Livingstone hadi pwani, Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilitengeneza medali 60, kila moja na jina la mwenyewe ukingoni.

Mtafutaji akikuta jina, asishangilie haraka. Akina Mabruki na akina Uledi katika vitabu hivyo ni wengi, na wasafiri wenyewe walichanganyikiwa hata wakawapachika majina ya ziada, kama Mabruki Speke na Mabruki Unyanyembe, kwa kumtaja bwana wa zamani au mahali. Mjukuu anayedai Mabruki bila kusema yupi hana anachodai.

Hatua ya sita ni vitabu vya ubatizo, na hapa ndipo penye matumaini. Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe walioanzishwa na Kardinali Lavigerie, walifungua kituo Massanze, kusini mwa Uvira, mwaka 1880, na Kibanga kwenye rasi ya Ubwari mwaka 1883. Kila kituo kilitakiwa kuandika shajara ya kila siku, na nyaraka za shirika zimehifadhiwa Roma. Wapentekoste wa Sweden walifuata Uvira katika miaka ya 1920, wakabatiza watu wazima, wakiwemo wazee waliozaliwa zama za misafara.

Kitabu cha Kikatoliki kina mistari mipana yenye jina la mbatizwa, la baba, la mama, la msimamizi na la padre, yote kwa Kilatini, hivyo Yosefu wa Ubwari hupatikana kama Josephus. Faida yake kubwa ni jina la mama, ambalo ofisi nyingine zilipita kando. Pembeni huongezwa kipaimara na ndoa, kwa hiyo mstari mmoja unaweza kubeba maisha mazima. Kuna mitego. Lavigerie alidai miaka minne ya maandalizi kabla ya ubatizo, isipokuwa kwa anayekaribia kufa. Basi aliyebatizwa upesi aliandikwa kuwa mahututi. Wajukuu wake 60 wanaposoma hayo, hukata kauli kwamba si yeye. Huenda ni yeye, alipona tu.

Hatua ya saba ni karatasi za serikali. Katika Dola Huru ya Kongo (1885–1908), na baadaye Kongo ya Ubelgiji, mtu wa chini alipata jina alipokuwa na cha kutoa: kodi, mpira, mabega yake au miaka yake ya jeshi katika Force Publique. Vita vya 1914–1918 vilichukua wapagazi zaidi ya 200,000 upande wa Wabelgiji peke yake. Mtafutaji akumbuke pia kwamba mpaka wa Rusizi uliamuliwa Brussels mwaka 1910. Kabla ya hapo Wajerumani wa Usumbura (Bujumbura ya leo) na watu wa Mfalme Leopold waligombania bonde hilo. Babu aliyekwenda kuuza ndagala ng'ambo na kurudi jioni aliweza kuandikwa na madola mawili kwa siku moja, kila moja likimwona mkimbia kodi.

Nakala nyingi za mahali hapa zimepotea kwa sababu zinazojulikana. Uvira ilipitia uasi wa 1964 na vita vya 1996, na Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukabomoa nyumba na vilivyomo. Kilichosalia kiko mbali. Karatasi za Stanley zimo katika makumbusho ya Tervuren, na za utawala wa koloni zimo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa huko Brussels. Ili kwenda kusoma jina la babu aliyevuka nusu ya Afrika bila hati yoyote, mjukuu huombwa pasi ya kusafiria, viza, taarifa ya benki na uthibitisho kwamba atarudi nyumbani.

Hesabu ya mwisho ni hii: mtu mdogo wa karne ya 19 huandikwa anapolipwa, anapodaiwa, anapotoroka, anapougua au anapobatizwa. Anayemtafuta kwenye sifa zake hatamwona. Amtafute kwenye madeni yake. Na kwa kuwa wazee ndio daftari pekee lisilohitaji viza, mwenye mzee hai Uvira, Fizi au Luvungi aende leo, aandike jina la msimulizi, mahali na siku, kisha atoe nakala mbili: moja ikae kwake, ya pili ikae kwa ndugu anayeishi juu mlimani, mbali na mto.