Omu Zilizopotelea Katangi

Mwenyekiti wa kamati ya vyombo kanisani kwetu Katangi haamini kitu mpaka akipime. Pojo za harambee huzipima upya kwa gorogoro lake mwenyewe. Basi spika nne za tarumbeta zilipofika kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, maandishi ya pembeni ya transfoma zake hayakumtosha: volti 100, wati 10, omu 1,000. Akachomoa mita yake ya mshale, akagusisha ncha za waya. Mshale ukasimama kwenye 70.

"Tumeibiwa omu mia tisa na thelathini," akatangaza, akamgeukia mweka hazina.

"Labda zimemwagika njiani, Mwenyekiti. Barabara yenyewe unaijua."

Akarudia kupima, safari hii akibana ncha zote mbili kwa vidole vilivyolowa mate. Alipoinua moja, akaruka na kiti chake. Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi! Mama mmoja wa kwaya akaanza kukemea. Kumbe betri ya mita ilikuwa imejaza sumaku ndani ya koili, na mkondo ulipokatwa ghafla, sumaku ile ikazimika kwa kutema volti nyingi mara moja. Haiui, ila inafundisha.

Kesho yake alipanda matatu kwenda Nairobi kudai haki. Muuzaji alicheka, akamnunulia soda, akamrudisha na transfoma zilezile.

Mpwa wangu anayesomea umeme ndiye aliyemaliza kesi. "Mzee, mita yako hutoa umeme wa betri, unaokwenda upande mmoja tu. Imepima shaba ya waya basi. Ni sawa na kumpima punda nguvu akiwa amelala." Sauti ya mhubiri ndani ya waya ni umeme wa kwenda na kurudi mamia ya mara kwa sekunde, hapo ndipo impidansi, yaani ukinzani dhidi ya umeme wa namna hiyo, inapojitokeza. Hata spika ya omu 8, mita ile huisoma 6 hivi. Hiyo 1,000 hupatikana kwa kuzidisha volti 100 kwa 100, kisha kugawanya kwa wati 10.

Stima iliporudi, mpwa aliingiza volti 12 za kwenda na kurudi upande wa laini. Upande wa spika zikatoka 1.1. Kumi na mbili gawanya kwa 1.1, jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha mara omu 8 za spika: karibu omu 950.

Tukapiga makofi. Mwenyekiti akainua mkono. "Na hizo hamsini ziko wapi?"

Zingekuwa kweli omu 70 kila moja, spika nne zingeikaanga amplifaya yetu ya wati 60 kabla ya wimbo wa kwanza kwisha. Ibada ya Jumapili ilisikika hadi sokoni. Amplifaya imeshalipiwa, nauli ya Nairobi, kwenda na kurudi, Mwenyekiti bado anaidai kamati.