Boxer Haina Pushirodi

Nangurukuru pana mafundi pikipiki wa aina mbili: wenye spana na wenye maneno. Wenye spana ni wa kuhesabu. Wenye maneno ni kila aliyeshuka kwenye basi la Dar akisubiri usafiri wa Masoko, Kivinje au Liwale, na kwa kuwa hapa ni njiapanda, hawaishi. Injini ikifunguliwa chini ya mwembe, haijamwagwa oili tayari ina wazee wa baraza.

Ya kwangu ilifunguliwa ikiwa nzima, na hilo ndilo linaloniuma. Mtoto wa kaka yangu, niliyempa aiendeshe kwa hesabu ya kila siku, alipitwa na Boxer kwenye kilima barabara ya Njinjo, akiwa amepakia magunia ya ufuta. Kupitwa si neno. Ila aliyempita alimpungia mkono.

"Shangazi," akaniambia jioni, "injini imechoka. Tuweke kamshafti kali."

Nikamuuliza kama ufuta ulifika. Ulifika. Mwenye mzigo alilalamika? Hakulalamika. Sasa nguvu za nini? Akainamisha kichwa kama vile wanafunzi wangu wa darasa la tano wakiulizwa kazi ya nyumbani.

"Heshima, shangazi."

Pikipiki yenyewe ni ya Kichina, katika zile ambazo injini yake imenakiliwa kwa Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976. Wajapani walipoibuni walituwaza watu wa nchi kama hizi, tusiobadili oili mpaka igeuke lami. Kamshafti hawakuipandisha juu kwenye hedi, ambako ingehitaji mnyororo wa kukazwa kila mara. Waliiweka chini, ikazungushwa kwa gia, halafu vijiti viwili viitwavyo pushirodi vikapewa kazi ya kupanda na kushuka kupeleka taarifa kwa roka, roka zibonyeze valvu. Tena kamshafti yote ina nundu moja tu, inayohudumia valvu ya kuingiza na ya kutoa. Ubahili wa namna hiyo mimi nauheshimu. Ni injini iliyobuniwa isiguswe, na mtoto huyu ameamka na hamu ya kuigusa.

Kamshafti kali ililetwa kutoka Dar, Gerezani, imechongwa kwa mashine. Sasa, kuchonga hakuongezi chuma. Ili nundu ionekane ndefu, fundi hupunguza ule mgongo wa mviringo ulio upande wa pili. Mgongo ukipungua, vikono vinavyoukalia na kubeba pushirodi vinashuka, na pushirodi zilizokuwa zinatosha jana leo ni fupi. Ziliporudishwa, kati ya roka na valvu palikuwa na uwazi wa kupitisha shilingi mia. Kikao kikafunguliwa.

Wa kwanza akasema zifungwe zilezile, skrubu ya tapeti kwenye roka ikazwe mpaka ifike. Ilifika kweli, lakini kwenye uzi wa mwisho wa skrubu, nati haina pa kushika, na roka imelala upande inasugua kichwa cha valvu pembeni. Wa pili akashauri zikatwe. Fupi, zikatwe! Wa tatu, kijana mwenye miwani ya jua ambaye basi lake lilikuwa limeshaondoka bila yeye kujua, akamaliza ubishi: "Agizeni za Boxer. Za Boxer hazipindi."

Kikao kikaafiki. Pesa ikatumwa kwa simu, na baada ya muda muuza spea akapiga mwenyewe. Alisema ujumbe ameuelewa, ila angependa kuusikia kwa sauti. Kamshafti ya Boxer iko juu kwenye hedi na inaendeshwa na mnyororo. Pushirodi haina hata moja. Kicheko chake nilikisikia nikiwa ng'ambo ya barabara, na simu haikuwekwa sauti ya nje.

Alipomaliza kucheka akatuma za injini ya 200, ile ya guta. Konda wa basi akakisahau kifurushi, kikaenda kusalimia Mtwara, kikarudi kesho yake. Zile ni ndefu kwa sababu pistoni ya 200 husafiri milimita 62 na ushee, ya 125 husafiri 49 na nusu, kwa hiyo bloku la 200 limesimama juu zaidi. Mtoto akazifunga hivyohivyo. Akapiga kiki. Kiki ikashuka bila kupinga. Akapiga tena, ikashuka kwa adabu zaidi. Pushirodi ndefu zilikuwa zimezikalia valvu zisifunge, pumzi yote inatoka, wala hakuna cha kugandamizwa. Kikao kikahukumu plagi, ikabadilishwa. Kikahukumu kabureta, ikaoshwa. Kikahukumu petroli kuwa imechakachuliwa. Kandambili ya mtoto ikakatika kabla ya kufikia betri.

Hapo ndipo aliposogea mzee mmoja wa kutengeneza baiskeli, ambaye muda wote alikuwa anaziba pancha na hakuulizwa. Alikuja na njiti ya tairi la baiskeli. Akazungusha injini taratibu mpaka kamshafti ikageuza mgongo, valvu zote zimefunga. Skrubu ya tapeti akaiacha katikati ya uzi wake. Akashusha njiti tunduni hadi ikakaa kwenye kikombe cha kikono, akaikwaruza kwa msumari pale inapokutana na roka. "Urefu ni huu," akasema. Akaing'oa ncha ya chuma ya ile pushirodi ndefu, akapunguza bomba la aluminiamu kwa msumeno, akairudisha ncha kwa nyundo ndogo. Mmoja kikaoni akataka kujua kwa nini asikate nondo ya kujengea, iwe imara milele. Mzee akamjibu kwamba aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na bloku letu nalo ni la aluminiamu. Ukiweka nondo, bloku litakua na nondo itabaki nyuma, tapeti zilie mpaka Somanga. Zaidi ya hapo ni nzito, springi za valvu zitachoka. Tapeti akazipima kwa wembe. Kitabu kinataka nafasi ya milimita 0.08 hivi, wembe una karibu 0.1, na Nangurukuru wembe ndio kitabu.

Ikawaka kwa kiki moja. Mlio ukabadilika, watu wakapiga makofi, mtoto akapakia ufuta.

Wasilolijua wengi ni kwamba kamshafti kali huamka injini ikizunguka kwa kasi. Chini huko ni mvivu. Na barabara ya Njinjo, kilimani, na magunia mawili mgongoni, injini gani itazunguka kwa kasi? Boxer ilimpita tena palepale, na safari hii mwenyewe hakujisumbua hata kupunga mkono.

Kamshafti ya zamani tumeirudisha. Pushirodi zake za awali moja ilikuwa kwenye boksi la spana, nyingine niliikuta jikoni, bibi yake mtoto anachokonolea mkaa. Mzee aliiviringisha juu ya kioo cha meza akitazama kwa jicho moja kama inaruka, haikupinda. Hesabu inaletwa kila jioni.

Ile iliyochongwa nimeifunga kwenye gazeti, iko juu ya kabati la vyombo. Anayeihitaji aje na hela taslimu, na pushirodi zilizokatwa nitamwongezea bure. Njiti ya baiskeli haiuzwi. Mwenye Boxer asijisumbue.