Mwenye Fomu Ndiye Mwenye Jina

Sisi wa Ilagala, Kigoma, tu wazembe: tunakamua mawese miaka yote bila kuliandikisha jina lake. Disney ndio wachapakazi. Bendi ya Kenya, Them Mushrooms, iliimba "hakuna matata" 1982, ikasahau fomu. Mwaka 2003 Disney wakasajiliwa maneno hayo kwa fulana huko Marekani.

Majina ya tovuti nayo yana haki tele. Kwa kanuni za 1999 za ICANN, wasimamizi wa majina hayo, ugomvi ukizuka mlalamikaji mwenye nembo ndiye huchagua kituo cha usuluhishi. Akipeleka kesi WIPO, shirika la miliki ubunifu duniani lililoko Geneva, hulipa dola 1,500 kwa msuluhishi mmoja. Kwani mnunuzi wa dagaa akija na mizani yake, kuna ubaya gani?

Wavuvi wa Kigoma, wahini kusajili jina "dagaa". Msingoje kuulizwa mmelitoa wapi.